Risasi za Mwindaji Angani na Sheria za Nchi Jirani



Kila mwaka, mvua za masika zikisha kukatika na nyasi za mbugani zikianza kukauka, viwanja vya ndege vya mashariki na kusini mwa Afrika hupokea wageni wa aina ya peke yao. Si wafanyabiashara, wala si watalii wa kupiga picha. Ni wawindaji. Nyuma yao huja sanduku refu, gumu, lenye kufuli mbili, na pamoja nalo kisanduku kidogo ambacho uzito wake haulingani na umbo lake. Katika sanduku refu mna bunduki. Katika kile kidogo mna risasi. Mazungumzo yetu ya leo yahusu kile kidogo.

Watu wengi humkazia macho mgeni mwenye bunduki, na risasi wakaziona kuwa ni vikorokoro vyake tu. Hayo ni mawazo ya haraka. Bunduki ina namba iliyochongwa katika chuma chake, na hata ikipita mikono kumi namba ile yaweza kufuatwa hadi kwa aliyeinunua kwanza. Risasi haina namba yake. Katika kitako cha ganda huwa pamepigwa chapa ya kiwanda na kipimo chake, basi. Risasi hiyo na nyingine elfu za kiwanda hicho ni mapacha wasiotambulikana. Kwa hiyo kitambulisho cha risasi za mwindaji ni ile hesabu iliyoandikwa katika kibali chake. Aliyeingia na risasi 60 akatoka na 20, zile 40 ama zilipigwa porini, ama zimo mikononi mwa mtu. Asipohesabiwa anapoingia, hata akihesabiwa kwa uangalifu mkubwa anapotoka, hesabu hiyo ya pili haina maana yoyote.

Na mikono iliyo tayari kuzipokea twaijua. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha kuwa Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 110,000. Hesabu ya mwaka 2014 ilikuta 43,000 na ushei. Majangili hawakufanya kazi hiyo kwa bunduki za kivita peke yake. Katika ujangili wa tembo na faru kusini mwa bara hili hukamatwa pia bunduki za uwindaji za kipimo cha .375 na .458, ndizo zile zile azichukuazo mgeni mwenye leseni ya kumpiga nyati. Bunduki ya namna hiyo, ikitunzwa kwa mafuta, yaweza kufichwa miaka ishirini na bado ikafanya kazi. Lakini jangili hawezi kujitengenezea risasi zake kwa urahisi kama fundi wa gobore ajitengenezeavyo baruti. Zikimwishia, bunduki yake ni rungu ghali. Ndiyo maana pakiti moja ya risasi ishirini iliyosahauliwa kambini ina thamani kubwa kuliko bei yake dukani.

Sasa yafaa tuulize: ikiwa ni hivyo, kwa nini ndege ya abiria huruhusiwa kubeba risasi hata kidogo? Jibu limo katika sheria na katika umbile la risasi yenyewe.

Tuanze na sheria. Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba, 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kiraia duniani, wasema katika kifungu chake cha 35 kwamba zana za vita hazitachukuliwa na ndege ya safari za kimataifa ndani ya nchi yoyote wala juu ya anga yake, ila kwa ruhusa ya nchi hiyo. Angalieni maneno hayo: juu ya anga yake. Mamlaka ya dola hayaanzii pale gurudumu linapogusa lami. Baadaye mkataba huo uliongezewa viambatisho. Cha 17, kilichopitishwa mwaka 1974, katika miaka ambayo utekaji nyara wa ndege ulikuwa umeenea, kinahusu usalama dhidi ya uhalifu. Cha 18, kilichopitishwa mwaka 1981, kinahusu uchukuzi wa vitu vya hatari kwa ndege. Risasi za mwindaji zinaangukia chini ya vyote viwili: katika cha kwanza kwa kuwa zaweza kutumiwa vibaya, na katika cha pili kwa kuwa zina baruti.

Umoja wa Mataifa umevigawa vitu vya hatari katika makundi tisa, na vilipukaji ndivyo kundi la kwanza. Ndani ya kundi hilo mna matawi. Bomu ambalo likilipuka hulipua shehena yote limo katika tawi la 1.1, na ndege ya abiria hailichukui. Risasi za kawaida za silaha ndogo zimo katika tawi la 1.4, zenye herufi S, na namba yake katika orodha ya Umoja wa Mataifa ni 0012. Zile zisizo na kichwa hupewa namba 0014. Herufi hiyo S ina maana kubwa. Yaeleza kwamba kitu hicho, kikiwa kimefungwa ipasavyo, hata kikiwaka kwa bahati mbaya madhara yake hubaki ndani ya kifurushi, wala hayamzuii mzima moto kukisogelea.

Askari aliyewahi kufunzwa silaha ataelewa upesi kwa nini ni hivyo. Risasi hupata nguvu yake kwa kubanwa. Pini ikigonga fataki, baruti huwaka, na hewa ya moto, kwa kuwa imezungukwa na chuma cha chemba pande zote, haina pa kutokea ila kwa kukisukuma kichwa kupitia mtutuni. Iondoe risasi katika chemba, uiwashe ikiwa wazi: ganda la shaba hupasuka, kichwa kilicho kizito hakiendi mbali, na vipande vya ganda jepesi ndivyo virukavyo. Vyaweza kumwumiza mtu aliye karibu, lakini havitoboi ndege. Wako wanaoamini kwamba risasi hulipuka zenyewe zikifika juu kwenye hewa nyepesi. Hilo si kweli hata kidogo. Fataki haijui urefu wa mawingu. Yajua kugongwa na kuunguzwa. Na ndiyo sababu risasi zisizo katika kasha lake, zilizomwagwa tu ndani ya mfuko, hukataliwa: ncha ya moja yaweza kukaa juu ya fataki ya nyingine, na wapakia mizigo, kama tujuavyo, hawakuajiriwa kwa upole wa mikono yao.

Kutokana na hayo, taratibu za kimataifa zimemruhusu abiria kuchukua risasi zisizozidi kilo 5 kwa matumizi yake mwenyewe. Kilo hizo ni pamoja na kasha lake. Lazima ziwe katika mizigo inayokabidhiwa shirika la ndege, kamwe si mkononi. Lazima shirika lenyewe liwe limekubali. Na lazima zisiwe na vichwa vya kulipuka au vya kuwasha moto. Aidha, wasafiri wawili hawaruhusiwi kuchanganya haki zao katika kifurushi kimoja. Mume na mke wakisafiri pamoja, kila mmoja ana kilo zake tano na kasha lake. Ukiona kasha moja la kilo tisa na ukaambiwa kuwa ni la watu wawili, maelezo hayo, hata yakitolewa kwa tabasamu, hayakubaliki.

Hapa pana jambo ambalo wawindaji wenyewe hulikosea mara nyingi, na ofisa asiyepiga hesabu hulikosea pamoja nao. Kilo tano ni risasi ngapi? Risasi ya kijeshi ya 7.62 kwa 51, ambayo wengi wenu mmeibeba, ina uzito wa gramu 24 hivi. Kilo tano zingekuwa kama risasi mia mbili. Lakini risasi ya .375, ambayo ni ya wanyama wakubwa, ina uzito wa gramu 40 na kitu. Ukitoa uzito wa pakiti na kasha, kilo tano hazifikii sana zaidi ya mia moja. Ile ya .458, yenye kichwa kizito kama kidole gumba, hubakia sabini au themanini.

Sasa linganisheni na sheria za nchi. Marekani humruhusu raia wake anayesafiri kuchukua, bila leseni maalumu ya kusafirisha nje, bunduki zisizozidi tatu na risasi zisizozidi 1,000. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2012 ilimwekea mwindaji kikomo cha risasi 800. Afrika ya Kusini imeweka kikomo cha risasi 200 kwa kila bunduki. Mgeni akisoma karatasi hizo aweza kuamini kuwa ana haki ya kushuka Johannesburg na risasi mia mbili za .375. Ana haki hiyo mbele ya polisi wa Afrika ya Kusini, lakini hana mbele ya ndege, kwani risasi mia mbili hizo zina uzito wa kilo nane na zaidi. Vikomo viwili vinapokutana, kilicho kidogo ndicho kinachotawala. Tusidhani kuwa kila anayezidisha ni mhalifu. Wengi wameisoma sheria moja tu. Lakini kosa la mizani ni kosa, na zile zilizozidi hazipandi.

Tuje kwenye vibali. Mtu asiyezoea hudhani kuwa kibali ni kimoja. Kwa kweli mwindaji aliyekamilisha mambo yake huwa na fungu la karatasi, na kila karatasi yajibu swali lake. Nchi atokayo huuliza: je, silaha na risasi hizi ni zako, na una ruhusa ya kuzitoa? Shirika la ndege huuliza: je, ulitupa taarifa, na umefunga kama tutakavyo? Nchi anayopitia huuliza: je, nani alikuruhusu kuzipitisha kwetu? Na nchi aendako huuliza mawili: polisi huuliza juu ya silaha, na idara ya wanyamapori huuliza juu ya uwindaji. Leseni ya kumpiga nyati haimpi mtu ruhusa ya kuingiza risasi. Wala ruhusa ya kuingiza risasi haimpi ruhusa ya kumpiga nyati. Asiye na ya pili hana sababu ya kuwa na ya kwanza.

Tuchukue mfano wa Mmarekani anayekwenda kuwinda Afrika ya Kusini, maana njia hiyo hutumiwa sana na karatasi zake zajulikana. Nchini Marekani hakuna leseni moja ya taifa zima ya kumiliki bunduki ya kawaida ya kuwindia. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, mwenye bunduki huipeleka kwa ofisa wa forodha, ambaye huitazama, hulinganisha namba, na kumtilia mhuri katika fomu namba 4457. Fomu hiyo si leseni. Yathibitisha tu kwamba bunduki ile ilikuwamo nchini kabla ya safari, ili mwenyewe asiambiwe wakati wa kurudi kuwa ameinunua ng'ambo. Lakini polisi wa Afrika ya Kusini, kwa kukosa karatasi nyingine iliyo bora zaidi, huipokea kama ushahidi wa umiliki.

Juu ya karatasi hiyo huwa pamepigwa tarehe katika pembe, ionyeshayo mwisho wa muda wa toleo la fomu yenyewe, si mwisho wa uthibitisho uliomo ndani yake. Ofisa wa ng'ambo aionapo tarehe iliyopita, ni rahisi kwake kusema, hati imekwisha muda. Tunaitaja habari hii kwa kuwa yaonyesha ugumu wa kazi yenu: ofisa hulazimika kusoma hati iliyoandikwa kwa ajili ya ofisi nyingine, katika nchi nyingine, kwa shabaha nyingine. Anayeikataa bila kuuliza humwonea mtu. Anayeikubali bila kuisoma huifungua nchi.

Akifika Afrika ya Kusini, mgeni huyo hujaza fomu ya polisi namba 520, kwa wino mweusi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2000. Huionyesha pamoja na pasi yake, tiketi ya kurudi, ushahidi wa umiliki, na barua ya mwenyeji wake wa uwindaji. Anaweza kuomba mapema au kuomba pale pale kiwanjani, lakini sahihi yake lazima aitie mbele ya askari. Fomu iliyotiwa sahihi nyumbani ni karatasi tu. Bunduki za kujipiga zenyewe mfululizo haziruhusiwi. Risasi lazima zilingane na bunduki. Jambo hili la mwisho ni dogo kulitamka, lakini lina uzito. Mtu mwenye bunduki ya .375 na risasi za .458 hana uwezo wa kuzitumia yeye. Basi amemchukulia nani? Ofisa mwerevu hahesabu tu, bali pia husoma kitako cha ganda na kukilinganisha na maandishi yaliyo kwenye mtutu.

Lipo pia tatizo la kufunga. Nchini Marekani sheria humruhusu abiria kuweka risasi, zikiwa katika pakiti zake, ndani ya sanduku lile lile la bunduki iliyotolewa risasi. Mashirika mengi ya ndege, na viwanja vingi vya huku kwetu, yataka risasi ziwe katika kasha lake la peke yake lenye kufuli, mbali na bunduki. Sababu yake yaeleweka kwa askari yeyote: mwizi wa mizigo akiiba sanduku moja asipate silaha kamili. Mgeni aliyefuata sheria ya kwao kikamilifu aweza basi kujikuta mkosaji anapobadili ndege, na kujitetea kwamba “huko nilikotoka waliniruhusu” hakumsaidii, kwa kuwa kila nchi ni bwana katika nyumba yake.

Na nyumba za jirani zetu hazifanani. Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya.

Tanzania ilifunga uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978. Kenya iliufunga mwezi Mei 1977, na haikuufungua tena. Sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2013 imekaza zaidi. Kwa hiyo, tangu wakati huo, mpaka unaotoka Ziwa Viktoria hadi baharini umetenganisha nchi mbili zenye wanyama wale wale na sheria zilizo kinyume. Nyumbu wa Serengeti huuvuka kila mwaka bila kujua kuwa amebadili sheria. Uganda iliusimamisha uwindaji wa mchezo mwaka 1979, ikauanzisha tena kwa majaribio mwaka 2001 kandokando ya mbuga ya Ziwa Mburo. Zambia iliufunga mwaka 2013, ikaanza kuufungua mwaka uliofuata. Botswana iliusimamisha mwezi Januari 2014, ikauruhusu tena mwezi Mei 2019. Ofisa aliyejifunza habari za jirani mara moja tu, akatulia, huenda anasimamia sheria ambayo haiko tena.

Fikirini basi mgeni anayekuja kuwinda kusini mwa Tanzania, na ndege yake yapitia Nairobi. Katika Tanzania, akiwa na kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 na leseni ya idara ya wanyamapori, risasi zake ni halali. Katika Kenya hakuna mnyama anayeruhusiwa kumpiga kwa risasi hizo. Hawezi kusema amekuja kuwinda. Kuwa na risasi bila hati ni kosa chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya. Ulinzi wake pekee ni kwamba yu njiani tu, na kwamba upitishaji huo una ruhusa na waonekana katika karatasi. Mizigo yake ikihamishwa moja kwa moja kutoka ndege hii hadi ile, naye asiiguse, mambo huwa mepesi. Lakini ndege ikichelewa, akalazimika kulala, akachukua mizigo yake na kutoka nayo mlangoni, hapo amekwisha ingiza silaha na risasi katika nchi, hata kama nia yake ilikuwa kutafuta kitanda tu. Kwa ajili hiyo mwindaji mwenye akili huomba mapema kibali cha kupitisha, au husafiri kwa njia nyingine. Na askari wa upande wa pili, anayempokea siku ya pili, yafaa aulize kisanduku kililala wapi, na hesabu ya jana ni ile ile ya leo?

Nchi zetu hazikuyaacha mambo haya yaende ovyo. Nchi za kusini mwa Afrika zilitia sahihi itifaki yao ya kudhibiti silaha, risasi na vifaa vyake mjini Blantyre mwezi Agosti 2001. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulipitisha itifaki dhidi ya uundaji na biashara haramu ya silaha, ambayo yaruhusu nchi kuweka utaratibu mwepesi kwa uingizaji wa muda wa silaha na risasi za uwindaji na michezo ya shabaha. Tarehe 21 Aprili, 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Shelisheli zikiwa miongoni mwao, zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo. Utaratibu mwepesi, kwa maoni yetu, ni jambo zuri: mgeni wa halali analeta fedha za kigeni, na hakuna faida ya kumchosha saa sita kiwanjani. Ila wepesi wa utaratibu ni kupunguza foleni. Si kupunguza kuhesabu.

Iwapo yuko anayedhani kwamba tunazungumza juu ya vijambo vya forodha visivyomhusu askari wa ulinzi, na akumbuke Shelisheli. Tarehe 25 Novemba, 1981, ndege ya shirika la Swazi ilitua Mahé ikiwa na kundi la abiria waliojifanya kuwa wanachama wa klabu ya wanywa bia waliokuja mapumzikoni. Katika mifuko yao, juu, palikuwa na vitu vya kuchezea watoto. Chini yake, katika sehemu iliyofichwa, zilikuwamo bunduki za AK-47. Kiongozi wao alikuwa Mike Hoare, mamluki aliyejulikana tangu vita vya Kongo vya miaka ya 1960, na nia yao ilikuwa kuipindua serikali. Wengi wa watu wale walikwisha pita. Aliyewavuruga hakuwa jenerali wala mpelelezi. Alikuwa ofisa wa forodha aliyefungua mfuko mmoja na kutazama hadi chini. Mapigano yakazuka kiwanjani, na mamluki wakakimbia kwa kuiteka ndege ya Air India iliyotua pale, wakaipeleka Durban. Hoare alihukumiwa Afrika ya Kusini mwaka 1982 kwa kosa la kuteka ndege.

Mwindaji wa halali hafanani na watu wale. Yeye hutangaza alicho nacho, wao walificha. Lakini mfuko ni mfuko, na macho yanayougundua udanganyifu ni yale yaliyozoea kuutazama ukweli kila siku. Ofisa aliyekwisha hesabu makasha mia ya wawindaji waaminifu, akajua kisanduku cha kilo tano chapaswa kuwa na uzito gani mkononi, huyo ndiye atakayehisi mara moja kwamba mfuko wa michezo ya watoto ni mzito mno.

Yamebakia mambo ya safari ya kurudi, nayo hupuuzwa kuliko yote. Mgeni akimaliza siku zake ishirini na moja porini, amechoka, amefurahi, na mawazo yake yako kwenye pembe na ngozi zitakazomfuata baadaye kwa meli au kwa ndege. Risasi zilizosalia humwona kama mzigo. Ni desturi ya watu wakarimu kutaka kumwachia mwongozaji wao zawadi, na zawadi nyepesi kuliko zote ni pakiti iliyobaki. Haifai. Kibali chake kilikuwa cha kuingiza kwa muda, kwa matumizi yake yeye. Hakikuwa cha kugawa. Mwongozaji mwenye bunduki ya kipimo hicho na leseni yake hupata risasi kwa njia yake ya kisheria. Zilizobaki ama zirudi na mwenyewe, zikiwa zimefungwa kama zilivyokuja, ama zikabidhiwe polisi kwa maandishi. Baadhi ya wageni hupenda pia kuchukua maganda matupu kwa ukumbusho. Ganda lililokwisha pigwa, fataki yake ikiwa imekufa, si kilipukaji, lakini katika mashine ya kupigia picha mizigo laonekana kama risasi nzima. Basi liwe katika mzigo wa chini, wala si mkobani.

Liko na koti. Koti la mwindaji lina mifuko mingi na vishikizo vya kitambaa kifuani vya kuwekea risasi tano au sita. Siku ya mwisho hulikung'uta vumbi, hulikunja, na kwa kuwa Ulaya kuna baridi hulivaa kwenda nalo kiwanjani. Pale penye mashine ya ukaguzi hupatikana risasi moja, mbichi, imelala pembeni mwa mfuko wa ndani. Mwenyewe huapa kwamba hakujua, na mara nyingi asema kweli. Hata hivyo risasi mkononi au mwilini mwa abiria haina kibali cha nchi yoyote. Ndege huondoka, naye hubaki kuandika maelezo. Askari anayeyapokea maelezo hayo afungue kitabu cha siku ile alipoingia na kutazama mstari wenye hesabu. Ikiwa ziliandikwa 60, na zilizopigwa ni 41, na zilizomo kashani ni 18, basi ile moja ya mfukoni imekwisha jieleza. Ikiwa mstari huo ni mtupu, hapo ofisa hana la kumwuliza mgeni ambalo hakupaswa kwanza kumwuliza mwenzake wa zamu.